Fundi wa Barabara ya 12 Ngamiani, aliyemkuta dubu ndani ya kompyuta yangu

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyokata ntasema kwanini, ila kwanza niwaambie nlifikaje kwake maana bila hiyo hamtaelewa kwanini nampa zote hizo mtu ambae hata kibao cha duka hana.

Mi nna steshenari ndogo hapa Ngamiani, Tanga, natoa kopi, naprinti, naandika barua, na msimu wa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ukifika watoto wanajaa mpaka barazani. Pembeni ya hayo nafanya uwakala wa kampuni moja (siitaji, bado nakula kwao) ambayo mteja akija, nyaraka zake lazima ziskaniwe moja kwa moja kwenye ukurasa wao, huwezi kuskani pembeni afu ukapakia, wanasema watu walikua wanachezea. Sasa ili ukurasa uione skana ilopo mezani kwangu lazima kompyuta iwe na plagini yao, kiprogramu cha kuongezea. Na hiyo plagini ndo ilonitoa roho.

Kila asubuhi nikiwasha mashine, nikifungua ukurasa, "Plagini haijapatikana, tafadhali pakua na usakinishe." Haya, napakua, MB 84, nainstoli, nafunga brauza nafungua tena, inafanya kazi safi mpaka jioni naskani mpaka mkono unauma. Kesho yake, haijapatikana. Napakua tena. Keshokutwa, haijapatikana. Na kinachoudhi zaidi ikoni yake ipo pale juu kulia kwenye Chrome naiona kwa macho yangu, yaani mtu yupo sebuleni kakaa afu mwenye nyumba anakwambia hayupo.

Nlifanya kila kitu ambacho mtu wa kawaida anafanya. Nikaitoa plagini kwenye Chrome nikairudisha. Nikafuta historia na vidakuzi vyote, nikabaki nadaiwa paswedi kila mahali. Nikajaribu lile dirisha la faragha, huko ndo haionekani kabisa, baadae nimekuja kujua kumbe kwenye faragha Chrome inazima plagini zote mpaka wewe mwenyewe uiruhusu moja moja, kwa hiyo hilo jaribio halikua na maana yoyote. Nikawapigia wenyewe kampuni, dada wa huduma kwa wateja sauti tamu kama halua akanambia "jaribu kuisakinisha tena." Nikasema asante.

Miezi miwili na ushee nimeishi hivo. Na umeme ukikatika mchana, ukirudi, inadai tena, mteja kakaa mbele yangu na bahasha yake anatazama saa. Kuna bibi mmoja alitoka Pongwe na bodaboda kuja kushughulikia mambo ya marehemu mumewe, umeme ulikatika mara mbili siku ile, akaniambia "mwanangu we shughulika tu mi nsubiri," nikaona aibu mpaka nikamtuma mtoto akamnunulie chai.

Nikaita fundi wa kwanza. Huyu anatoka upande wa Makorora, simtaji na mtaona kwanini si haki kumtaja. Akaja dukani, akaangalia Chrome, akaona plagini ipo, akasema dada hiki ni kirusi. Akaweka antivirus, ikachunguza saa nzima, ikakamata vitu vitatu, akavifuta, nikampa 15,000 tukaagana vizuri. Jioni nikazima kompyuta nikafunga duka.

Asubuhi antivirus haipo.

Haijazimwa, haijagoma. HAIPO. Hakuna ikoni, hakuna jina kwenye orodha ya programu, kama haikuwahi kuja duniani. Nikampigia nikamsema maneno ambayo mtoto wa Kitanga aliyelelewa hapaswi kuyasema, nikamwita tapeli, akajitetea maskini, "dada si nimeweka mbele ya macho yako?" na kweli aliweka mbele ya macho yangu, mi nilikua nimemkalia begani. Nikamkatia simu. Nikakaa nikawaza, hiki kirusi ni cha aina gani kinakula antivirus.

Ndo mteja wangu mmoja, mwalimu, akaniambia kuna kijana yuko Barabara ya 12, anakaa baraza moja na fundi cherehani, mpelekee huyo. Nikamfunga sipiyu kwenye keria ya baiskeli ya mtoto wa jirani, tukaizungushia kanga na mpira wa tairi la ndani, haoo tukaenda nayo taratibu, yeye anasukuma mi nimeshika kwa nyuma kama tumebeba mgonjwa. Tumefika saa tatu kasoro. Pamefungwa. Fundi cherehani akasema huyo anafungua saa nne. Hapa ndo robo ya nyota ya kwanza ilipokatika, maana mtu mwenye biashara Tanga hii anajua watu wanatoka asubuhi kabla ya jua, saa nne ni mchana huo. Alikuja saa nne na dakika kumi, na kifuko cha kachori.

Sasa hapa nataka niende pole pole maana ndo penyewe.

Huyu kijana hakugusa kompyuta. Alinipa kiti, akafungua kachori akaniwekea kwenye karatasi na ndimu, akaanza kuniuliza. Nlizoea mafundi, ukitua tu kishachomoa skrubu. Huyu anauliza. La kwanza, "Dada, hii inakutokea wewe tu au na mawakala wengine?" Nikamwambia ninaowajua wawili, mmoja yuko Chumbageni mmoja Muheza, wao haiwasumbui. Akasema basi tatizo liko kwako, maana kuna siku tatizo linakua la dunia nzima na fundi anahangaika bure na mashine ya mtu. Akanipa mfano, Mei 2019 viendelezi vya Firefox (brauza nyengine kama Chrome, na viendelezi ni viprogramu vya kuongezea kwenye brauza) vilizimika kwa wakati mmoja kwa watu kila mahali, sio kirusi wala nini, Mozilla walisahau kuhuisha cheti kimoja cha kuthibitisha viendelezi, kikaisha muda wake, basi. Anasema enzi hizo ndo anajifunza ufundi na alifomati laptopu ya mtu bure siku ile, tangu hapo swali la kwanza ndo hilo.

La pili, akawasha mashine akatazama saa na tarehe pale chini. Ziko sawa. Nikamuuliza tarehe inahusu nini, akanionesha kompyuta nyengine mezani kwake, ya ustadh mmoja wa madrasa, nayo ilikua inakataa plagini kila asubuhi. Ile kibetri cha ndani, kile kama sarafu wanaita CR2032, kimekufa, kwa hiyo ikichomolewa umeme inasahau tarehe, inaamka inadhani iko miaka ya nyuma huko, na brauza inazigomea kurasa zote za usalama maana vyeti vyao kwa tarehe hiyo vinaonekana havijaanza kutumika. Kubadilisha betri, 2,000. Ustadh alishaambiwa na mtu anunue mashine mpya.

La tatu ndo swali nlilolipendea huyu kijana. "Jioni huwa unaizima, au unailaza?"

Nikamwambia nazima, si ndo adabu, kisha nikakumbuka. Kuna siku nlipata simu ya msiba nikaondoka mbio, nikafunika tu skrini na kitambaa bila kuzima chochote, na siku ya pili yake plagini haikuuliza kitu. Nlidhani ni bahati. Akatikisa kichwa, akaniuliza tena, "Na ukiwasha asubuhi, Google inakudai kuingia upya?" Ndio, kila siku, na meseji ya namba kwenye simu. "Na barua pepe za kukwambia kuna kifaa kipya kimeingia kwenye akaunti yako?" Nikafungua simu nikamuonesha, zimepangana kama shanga, kila siku kifaa kipya, kila siku Windows, kila siku Tanga. Mi nlidhani ndo Google walivyo, wana wasiwasi. Miezi miwili kila asubuhi najibu "ndio ni mimi" na wala sikuona ajabu, nacheka mwenyewe naandika hapa.

Akaniambia, "Haya dada, tuwekeane. Tengeneza faili hapo deskitopu, liite unavotaka. Nikirestati likiwepo nakununulia kachori mbili." Nikaandika, "nadai kachori mbili." Akarestati. Tukasubiri, kile kifeni chake kinageuka kushoto kulia.

Deskitopu imekuja tupu.

Yule mzee aliyekuwa anakunywa kahawa pembeni akainua shingo. Kijana akasogeza kishale kule chini kulia penye kimshale cha ikoni zilizofichwa, mi pale huwa sibonyezi, akabonyeza, akatokea mnyama. Dubu mweupe, kidogo kama punje ya mchele. "Unamjua huyu?" Nikamwambia hiyo si ndo picha ya antivirus? Akacheka. Mzee akasema, "Mgosi, sasa huyo dubu wa barafuni kwa joto hili la Tanga anakula nini?" Kijana akamjibu, "Anakula kazi ya dada."

Basi huyo dubu ni wa programu inaitwa Deep Freeze, ya kampuni ya Kanada, Faronics, na haina kosa lolote, inafanya kile ilichotengenezewa. Inawekwa kwenye kompyuta za mashule, maktaba, intaneti kafe, mahali ambapo mashine moja inaguswa na watu mia. Unaipanga mashine unavotaka, unaigandisha, kisha mtu afanye analotaka, abadilishe picha, aweke magemu, aache paswedi zake, apate virusi, mashine ikizimwa na kuwashwa inarudi vile vile ulivyoigandisha. Kama ufukweni Raskazone, chora utakacho mchangani, maji yakijaa yakitoka hakuna kitu. Kwa mwenye kafe ni mkombozi. Kwa mimi ninaedhani kompyuta ni yangu ni balaa.

Na ndo hapo nlipokumbuka maneno ya aliyeniuzia. Mashine nlinunua mtumba, duka moja la vitu vilivyotumika, siwataji, jamaa ananikabidhi akaniambia "dada kazi zako zote save D, C inajaa haraka." C na D ni sehemu mbili za hadi disiki, C ndo ina Windows. Nikawa nasave D kama nlivyoambiwa, ndo maana barua za wateja hazikupotea na mi sikushtuka. Kumbe dubu kakalia C peke yake, D iko huru. Alijua au hakujua? Yeye anasema hajui, zilikuja kwa mzigo. Ila mtu asiyejua hasemi "save D." Hayo maoni yangu.

Lakini bado nkawa na swali, na nlimuuliza. Kama kila kitu cha C kinafutika, mbona ikoni ya plagini ilikua inarudi kwenye Chrome? Hapa kijana alinifundisha kitu ambacho fundi wa kwanza angekijua asingenikatia tamaa. Zamani plagini ilikua inaingia ndani ya brauza yenyewe, mzima mzima, ila huo mlango ulikua na matatizo, unaangusha brauza na wezi wanapitia humo, Chrome wakaufunga kabisa 2015, na Firefox wakafata 2017 wakabakisha Flash tu, nayo Flash yenyewe Adobe waliizika tarehe 31 Desemba 2020. Kwa hiyo saivi kitu kama cha skana kinakuja vipande viwili. Kipande kimoja ni kiendelezi, kinakaa kwenye brauza, ndo ile ikoni. Kipande cha pili ni programu ndogo inakaa kwenye Windows yenyewe, ndo inayoongea na skana, na Windows ina daftari lake imeandika humo kwamba kiendelezi fulani mwenzake yuko folda fulani. Asubuhi nikiingia akaunti yangu ya Google, Chrome inaniletea viendelezi vyangu vyote kutoka huko mtandaoni, ndo ikoni inajitokeza. Ila kile kipande cha pili hakuna wa kukileta, na daftari limerudi lilivyokua. Kiendelezi kinaita mwenzake, mwenzake hayupo, ukurasa unasema plagini haijapatikana. Kwa hiyo ukurasa haukua unadanganya na macho yangu hayakua yanadanganya. Ila na wale kampuni nao wangeandika "programu ya skana haijapatikana" badala ya "plagini," nisingehangaika na Chrome miezi miwili.

Akafungua ile folda ya vilivyopakuliwa, ambayo iko D. Mungu wangu. Setup, setup 1, setup 2, setup 3, anashuka anashuka mpaka setup 62. Jumla 63, kila moja MB 84. Tukapiga hesabu kwenye simu, GB tano na ushee za bando langu, na mi nlikua nashinda kuulaumu mtandao wa simu kwamba wananilia bando. "Dada na setup unayo hapa, kwanini kila siku unapakua nyengine?" Kwa sababu ukurasa umesema pakua, nami napakua. Sikua na jibu jengine.

Kuhusu kumtoa dubu. Hatolewi kama programu nyengine. Unashika shift unabonyeza mara mbili juu yake, anadai paswedi, ukiwa nayo unamwambia asigande, unarestati, ndo unamtoa. Paswedi sina. Tukampigia jamaa wa duka la mtumba kwa spika, akasema hana, na sauti ya mtu anaetaka kukata simu. Kijana hakujaribu kukisia wala hakunipeleka kwenye vile viprogramu vya kuvunja paswedi vya mtandaoni, akasema humo ndo tutaokota kirusi cha kweli. Akasema njia ni moja, kufomati, kuweka Windows upya kwa fleshi, maana ukiwasha kutoka kwenye fleshi dubu analala, hana nguvu nje ya Windows yake. Ila kwanza tuhamishe vitu vya D. Nlitaka kumwambia D iko salama we fomati C tu, akakataa, akasema kidole kinateleza. Akanakili kila kitu kwenye hadi disiki yake, akafungua mbele yangu mafaili kama matano nihakikishe yanafunguka, ndo akagusa. Hilo tu lina nyota nzima.

Na kuna jengine. Nlimwambia basi niwekee Windows 11 ndo mpya. Akaangalia, akaniambia prosesa ya mashine yako ni Core i5 kizazi cha nne, Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu na kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0, kuna njia za kulazimisha ila sikushauri kwa mashine ya biashara. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo akaniambia wazi kwamba hii itafanya kazi ila uanze kuweka pesa ya mashine nyengine. Angeweza kunilazimishia 11 akachukua pesa nikaenda nyumbani nafurahia rangi. Hakufanya.

Ilichukua kutoka saa tano mpaka alasiri imeshaadhiniwa. Bei alisema 35,000, tukashuka 30,000, kunakili na kufomati na kuweka programu zote. Ukilinganisha na 15,000 ya antivirus iliyokaa jioni moja sio ghali. Plagini akaiweka kwa kutumia setup 62, hakupakua nyengine, akaniangalia akicheka. Akarestati mara tatu. Mara zote tatu ipo. Ukurasa umefunguka, sina skana pale ila umeniandikia tu skana haijaunganishwa, ambayo ndo kweli.

Sasa ile nyota niliyokata.

Saa nne nishasema. Risiti hatoi mpaka umuombe, na ukimuomba anakuandikia kwenye kikaratasi cha daftari la hesabu, mi nna biashara nataka risiti. Hana pa kukaa zaidi ya kiti kimoja, mteja wa pili anasimama juani. Na kubwa zaidi, alisahau draiva ya printa, kile kiprogramu kinachoiunganisha kompyuta na printa. Nimerudi nyumbani, Jumatano asubuhi nimefungua duka kwa mbwembwe, wateja watatu, plagini safi, naskani tu, afu wa nne anataka kuprinti CV, printa kimya. Nlimpigia akasema "aa dada nisamehe, ile ya printa," akanielekeza kwa simu, dakika ishirini, mteja kaondoka. Ni kosa dogo lakini steshenari bila printa ni baraza tu. Mafundi, mkifomati mashine ya mtu wa biashara mwulizeni ana vifaa gani mezani. Huyu anauliza maswali mazuri kuliko wote nliowahi kuwaona, hili moja likampita.

Kwa mnaotaka kujua kabla hamjabeba sipiyu kwenye baiskeli. Kama plagini inakuuliza kila ukiwasha, fanya lile la faili. Weka faili lolote deskitopu, restati. Likipotea, una dubu au ndugu yake, ziko programu za namna hiyo zaidi ya moja na nyengine hazioneshi ikoni kabisa. Likibaki, basi ni jengine, angalia tarehe, angalia kama antivirus yenyewe ndo inaikamata na kuifungia, angalia kama una wasifu (profile) mbili kwenye Chrome ukaweka kwenye mmoja ukafungua mwengine, hii ya mwisho kijana anasema anakutana nayo sana kwa watu wa maofisini. Na kama ukurasa wowote saivi unakwambia weka Flash Player ndo uone video, funga huo ukurasa, Flash imeshakufa hiyo, anaekuuzia ana lake jambo.

Na fundi wa Makorora, nlimpigia nikamuomba radhi. Alikua kweli kaiweka antivirus na haikua kosa lake ikapotea, dubu ndo aliimeza. Hakudai kitu, akaniuliza tu "kumbe ilikua nini?" nikamweleza yote, akakaa kimya akasema ana mashine mbili za kafe pale kwake zinamfanyia hivo hivo. Namba ya kijana nimempa.

Mahali, Barabara ya 12, ukitokea upande wa soko ni baraza lenye fundi cherehani na mzee wa kahawa, uliza "kijana wa kompyuta" wanamjua. Nenda baada ya saa nne. Chukua chaja, chukua hadi disiki yako kama unayo, na mwambie mwenyewe una printa.

Ile siku kabla sijaondoka alinitengenezea tena lile faili deskitopu, jina lile lile, akasema likipotea nirudi. Leo siku ya tisa, umeme umekatika mara nne, faili lipo. Kachori zangu mbili sijaziona.